Dada karudi kutoka kwa mumewe, hashiki kazi yoyote: msianze na mtaji

Mleta mada, umeuliza kama mumpe dadako mtaji wa genge "achangamke", maana tangu akimbie kipigo kwa mumewe, miezi mitatu sasa anashinda kakaa, na ninyi mnamfanyia kila kitu hadi kumfulia. Mimi nimepita hukohuko, hapahapa Mwanza, naishi Igoma. Vumilia urefu.

Mume alinivunja mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. POP, ile plasta ngumu, ilipotolewa daktari akanielekeza kwa mtoa tiba kwa vitendo (occupational therapist). Nikadhani ni wale wa mazoezi ya viungo. Sivyo. Wa viungo anataka mkono ukunje na kukunjuka. Huyu anakuuliza unautaka kwa kazi gani. Nikasema kusonga ugali. Akanipa kitambaa kilicholowa nikamue. Yakatoka matone mawili. Nikawa nakamua kila asubuhi nyumbani, hadi wiki za baadaye nikaushika mwiko.

Siku ya tatu akaniuliza, "Jumamosi ungependa kula nini?" Nikakosa jibu. Miaka sita nilikuwa namuuliza mume kila asubuhi, na chumvi ikizidi nakiona cha moto. Nikamjibu, chochote. Akasema, "Chochote hakiuzwi sokoni." Kazi ya wiki ile ikawa niende Mwaloni Kirumba na elfu mbili, nichague mwenyewe dagaa wa fungu lipi. Nilizunguka karibu saa nzima, mpaka mama mmoja akanifokea, "Dada, nunua au pisha wateja." Nikanunua. Walikuwa na mchanga balaa, lakini niliwachagua mimi.

Jingine: nilikuwa naunguza kila chakula. Akataka nimwoneshe napikaje. Kumbe jiko la mkaa niliweka mahali ambapo naupa mlango mgongo, na geti likilia tu nageuka, sufuria naisahau. Tukaligeuza jiko niwe nauona mlango. Basi, hiyo ndiyo tiba yenyewe! Nilicheka njia nzima kwenye daladala.

Hapa sikiliza vizuri. Kama dadako aliwahi kupigwa kichwani au kukabwa shingo, daktari aambiwe, hata kama ni zamani. Kusahausahau na kushindwa kufuata maneno mengi kwa pamoja kunaweza kutokana na hilo, na majirani wataita uvivu. Mimi nilipewa daftari, mambo matatu tu kwa siku, nikimaliza nakata mstari. Siku nyingine jambo la kwanza lilikuwa "kuoga".

Sasa mtaji. Mama mdogo alinipa laki na nusu ya kukaanga vitumbua kabla sijakaa sawa. Nilikuwa siwezi kumwambia mtu hapana, kwa hiyo kila aliyetaka mkopo alipata. Wiki ya pili mume akaja na wazee "kusuluhisha", akaondoka na kilichobaki. Wazee walikuwa wananiambia nivumilie, mke huadibishwa. Nilikuja kusomewa baadaye kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Wakija kwenu, wasomeeni.

Watoa tiba kwa vitendo ni wachache, chuo chao kinachojulikana kiko KCMC Moshi, hivyo msitegemee kumkuta kila zahanati. Ombeni rufaa hospitali kubwa na mtaje kazi yake kwa jina. Kama hajaripoti kupigwa, Dawati la Jinsia na Watoto polisi watamwandikia PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, na afisa ustawi wa jamii awe anajua anapolala. Mkimpeleka kliniki msitumie boda aliyemzoea mumewe. Wale jamaa hawafichi kitu.

Genge litakuja, akilitaja yeye. Kesho msimfulie. Mwekeeni beseni na maji kivulini, mahali anapoliona geti, mumuulize aanze na nguo ipi. Akisema yoyote, msimchagulie. Kaeni kimya, hata ikifika saa sita.