Jibu: Krismasi Mombasa na watoto bila kulala hoteli ya bichi

Karibu Mombasa dadangu, umeuliza ka Krismasi hapa yafaa kwa mtu mwenye watoto na hana pesa ya hoteli ya bichi, yafaa sana tu! Chukua nyumba ya wageni mjini ama Nyali, na tiketi ya treni ya SGR uikate mapema kabisa maana Disemba zaisha haraka, na kumbuka stesheni iko Miritini, si mjini, kwa hivyo nauli ya kuingia mjini uipangie.

Misa ya Krismasi nendeni Holy Ghost pale Nkrumah Road, kanisa zuri mno. Jua la Disemba ni kali, kwa hivyo Fort Jesus iwe asubuhi, ngome ya Wareno ya mwaka 1593, watoto wapenda ile mizinga, halafu mwatembea tu mwaingia Mji wa Kale.

Lakini jioni usikose Mama Ngina, pale kando ya bahari, wengine huita Lighthouse. Mwakaa chini ya mibuyu, upepo wa kaskazi wapuliza, meli kubwa zapita karibu hadi watoto wapiga kelele, na hapo kuna mihogo ya kuchoma ya pilipili na ndimu, viazi karai, kachiri, madafu, yani familia nzima mwashiba kwa pesa kidogo na mji wote uko hapo, Waislamu kwa Wakristo, mimi ndo napenda hivo.

Tarehe 26 bichi ya umma ya Pirates hujaa sana, nendeni mapema, na watoto wasiogelee bila mtu mzima. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, wavusheni tu wafurahi.