Hifadhidata ya pamoja haifikiki kutoka tawi la mbali: someni kwanza namba ya kosa

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba hifadhidata yenu ya MySQL imo katika kompyuta ya ofisi ya Kampala, kwamba wenzako wa hapo wanaingia bila shida kutoka kwenye kompyuta zao, lakini wewe ukiwa Gulu kwa modemu ya simu unasubiri muda mrefu kisha unapata kosa namba 2003. Nilikutana na jambo hilo nikihudumia chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa upande wa Mbale, na nilipoteza karibu wiki mbili kwa kubadilisha mipangilio kabla sijaelewa kosa lilikuwa linasema nini.

Kosa 2003 hufuatwa na namba nyingine kwenye mabano, na hiyo ndiyo yenye habari. Ikiwa ni 111, au 10061 kwenye Windows, ombi lako limefika kwenye mashine fulani, lakini mara nyingi hakuna programu inayosikiliza kwenye poti ya MySQL, yaani mlango wa mtandao wenye namba 3306. Ikiwa ni 110, au 10060 kwenye Windows, ombi limepotelea njiani bila kujibiwa, na kusubiri kwako kwa muda mrefu kunanielekeza huku. Ungepata 1130 au 1045 ningekupongeza, kwa maana hizo hutoka kwa MySQL yenyewe: njia ni nzima, kilichobaki ni ruhusa ya mtumiaji, na kumbuka kwamba MySQL humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anakotokea, hivyo karani aliyeruhusiwa kutoka localhost, yaani kompyuta yenyewe yenye hifadhidata, si yule anayetokea Gulu.

Kwa kuwa wenzako wanaingia kutoka kompyuta nyingine, mpangilio wa bind-address, unaoamua MySQL isikilize kwenye anwani ipi, haukufungwa kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyo pekee, kwa hiyo usihangaike nao. Nenda kwenye ruta ya Kampala, kifaa kinachounganisha ofisi na intaneti. Fungua ukurasa wake, usome anwani ya IP iliyopewa upande wa intaneti, kisha uilinganishe na ile ambayo tovuti za kuonyesha anwani yako zinakuambia ukiwa ndani ya ofisi hiyo hiyo. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Masafa hayo yalitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012, kwa sababu anwani za IPv4, zile za mtindo wa zamani, zilikuwa zinakwisha. Hapo hata ukielekeza poti 3306 kwenye ruta mara mia, hakuna ombi la nje litakaloifikia. Hilo ndilo lililokuwa limetukwamisha, na sikulijua kwa sababu nilikuwa nikijaribu nikiwa ndani ya ofisi. Jaribio la kweli hufanywa kwa data ya simu, nje ya mtandao wa ofisi.

Hata kama mna anwani ya umma, nakusihi usiiache 3306 wazi kwa dunia nzima. Kuna programu zinazozunguka usiku na mchana zikibisha hodi kwenye poti hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu hapa Uganda azilinde. Sisi tulikodi seva ndogo yenye anwani ya umma, tukaweka WireGuard, programu ya kuunganisha mitandao kwa njia ya siri (VPN), na ofisi zote zikawa zinaipigia zenyewe kutoka ndani, hivyo ruta hazikuhitaji kufunguliwa kitu. Kwenye seva hiyo tuliruhusu poti ya UDP 51820 kwa ajili ya WireGuard, na hifadhidata ikabaki kwenye anwani ya ndani.

Kwenye WireGuard ya ofisi zote mbili, Kampala na Gulu, weka PersistentKeepalive ya sekunde 25, yaani itume ishara ndogo kila baada ya muda huo. Bila hiyo, ruta za mitandao ya simu husahau muunganisho uliokaa kimya, na karani akirudi kutoka chai anakuta programu imekwama. Watu huilaumu MySQL, ilhali kwa kawaida yenyewe huuvumilia muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani muda wa saa nane.

Tafadhali andika hapa namba iliyo kwenye mabano na sehemu mbili za mwanzo za anwani ya ruta, si anwani nzima, ili tuendelee kutoka hapo.