Jibini inanata kwenye greta ya kuzungusha

Dada, umesema ukitumia greta ya kuzungusha (kifaa cha kukwaruzia jibini), jibini inajisokota ndani ya ngoma, ule mviringo wenye matundu na meno, na mkono wa kuzungushia unakwama. Nadhani unatumia mozzarella, jibini laini, au cheddar, jibini ngumu kiasi, iliyokaa nje muda mrefu. Greta hizi zinapenda jibini ngumu na baridi. Parmesan, jibini ngumu sana, ndiyo hasa kazi yake.

Cheddar iweke kwenye friza dakika 15 hadi 20, ikaze bila kuganda. Ikate kipande kinachoingia kwenye kisanduku cha greta bila kulazimisha, funga kifuniko, kisha kandamiza kiasi tu huku ukizungusha. Ukibana sana, unaisaga iwe uji na plastiki ya mpini inaweza kuvunjika. Mozzarella laini achana nayo, ikate kwa kisu.

Kama unatumia mkono wa kushoto, greta nyingi zinakubali kugeuza ngoma upande wa pili.

Ukimaliza, fungua na suuza hapo hapo kwa maji ya baridi. Ya moto yanayeyusha jibini na kuigandisha matunduni. Sugua kwa brashi, usiingize kidole: meno yale yanakata kweli. Kidonda kirefu kisichoacha kutoka damu, nenda zahanati.

Karanga zilizokaangwa nazo greta hii inazisaga vizuri.