Dume sina, vitoto vimetoka wapi?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Tangi langu la samaki wa mapambo sebuleni lina gapi wanne na neoni kadhaa, wote samaki wadogo, na enjeli mmoja, samaki mkubwa kuliko hao. Muuzaji aliniapia gapi wote ni majike. Jana nabadilisha maji, naona vitu vyembamba kama kope, vina macho, vimejibanza nyuma ya pampu! Vimetoka wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji wa watu huenda hakudanganya. Gapi hatagi, huzaa. Na jike akishapandwa mara moja huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, akazaa tena na tena, kila baada ya wiki nne hivi. Watazame karibu na mkia: lile doa jeusi likikolea na tumbo likivimba, wengine waja.

Vitoe upesi. Hata mama yao huwala, sembuse huyo enjeli! Vichote kwa kikombe, uviweke kwenye beseni la maji ya tangi lilelile, pamoja na majani ya kujifichia. Walishe kiini cha yai la kuchemsha, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno. Ukizidisha, maji yatanuka. Mdomo wa pampu uzibe kwa sponji, vitoto visifyonzwe.

Wakizidi, gawia majirani. Mtoni usiwamwage kabisa, watazaana huko na kuwasumbua samaki wa asili.