Umehamia Simu Nyengine? Maswali Yenu na Majibu

Mwezi huu maswali yenu karibu yote ni ya jambo moja, watu wamehama simu. Wengi wametoka Android wakaletewa iPhone na ndugu zao wa Dubai au Maskati, mmoja katoka iPhone kaingia Samsung. Nimechagua matano. La kwanza nimelipa nafasi kubwa, na muulizaji nilimjibu siku ile ile bila kungoja gazeti litoke, maana kila siku ikipita ilikuwa hatari kwake.

Assalaam alaykum. Mie niko Wete. Kaka yangu kaniletea iPhone kutoka Dubai, nkatia laini yangu, nkafungua WhatsApp kwa namba ile ile, lakini haikuja hata meseji moja ya zamani. Kwenye simu yangu ya zamani, Android, kuna voisi za marehemu mama, miaka miwili alikuwa akinitumia kila asubuhi. Fundi hapa kaniambia ndo basi zishapotea, na kanishauri niiriseti ile simu nimpe mdogo wangu anaanza chuo. Nifanyeje?

Waalaykum salaam dada'angu, na Mwenyezi Mungu amrehemu mama. Kwanza kabisa usiiriseti hiyo simu, usimpe mtu, na WhatsApp iliyomo ndani usiifute hata ikikwambia namba yako inatumika kwenye simu nyengine. Voisi za mama hazijapotea, zimo humo humo kwenye simu ya zamani. Kilichotokea ni kwamba WhatsApp ya Android inaweka bakapu yake, yaani nakala ya akiba, Google Drive (ghala la mtandaoni la Google) na ya iPhone inaweka iCloud (ghala la Apple), na iPhone haiwezi kuisoma ile ya Google Drive, kwa hiyo ukiingia kwa namba yako inakufungulia ukurasa mweupe kama mtu mpya.

Kabla ya kitu chochote zitoe sauti uziweke pahala pengine, hata kama huko mbele kila kitu kitakwenda sawa. Fungua faili za simu ya zamani, ingia folda iloandikwa Android, halafu media, halafu com.whatsapp, halafu WhatsApp, halafu Media, utakuta folda ya WhatsApp Voice Notes. Simu zilizo kongwe zaidi hiyo folda ya WhatsApp iko mbele tu ukifungua, huna haja ya kuzunguka kote huko. Ndani utaona vifolda vingi vyenye namba, kwa mfano 202314, usishtuke, hiyo ni wiki ya 14 ya mwaka 2023, na kila sauti imeandikwa tarehe yake kwenye jina, PTT halafu mwaka, mwezi na siku. Voisi zote ulizopokea zimo humo kwa mchanganyiko, za mama na za mashoga zako, kwa hiyo usikae kuchagua saa hiyo, kopi folda zima ulitie kwenye flashi au kompyuta ya mtu unomuamini, kisha ufungue mbili tatu usikilize kama zinalia. Ukitaka kuzisikiliza kwenye iPhone baadae, faili hizi huishia na opus, na programu ya VLC inazifungua, ni ya bure.

Ukishazihifadhi ndo tuje kwenye kuhamisha WhatsApp nzima na mazungumzo yake. Inawezekana, tokea 2022, kwa programu ya Apple inoitwa Move to iOS unayoipakua Play Store kwenye ile Android. Kasoro yake moja, na hii ndo inowaponza watu wengi, inafanya kazi pale tu iPhone inapoanzishwa kwa mara ya kwanza. Wewe ushaianzisha, kwa hiyo iPhone ndo itakayofutwa, si ile ya zamani. Umeona fundi alivokugeuzia?

Kwa hiyo, picha ulizopiga kwa iPhone zitoe kwanza. Mazungumzo mapya ya hizi wiki mbili tatu yatafutika, yale ya lazima yatoe kwa Export Chat, inakutolea faili unajitumia kwa imeili. Kisha rudi kwenye simu ya zamani, sajili WhatsApp kwa namba yako, kodi itakuja kwa sms kwenye laini, hata laini ikiwa kwenye iPhone we soma tu uandike kule. Meseji zako zote utaziona zipo, na ukishaziona ifanyie bakapu ya Google Drive. Halafu iPhone ingia Settings, General, shuka chini kabisa mpaka Transfer or Reset iPhone, ifute. Itakutaka neno la siri la akaunti yako ya Apple, kama akaunti kakufungulia kaka mpigie kabla hujaanza, maana bila ya neno la siri hiyo simu itajifunga na hutoisogeza mbele.

Ikiwaka upya itakuuliza unahamisha kutoka wapi, chagua Android. Itakupa kodi ya tarakimu, iandike kwenye ile Android ndani ya Move to iOS, na kwenye orodha ya vitu vya kuhamisha hakikisha WhatsApp umeitia tiki. Simu zote mbili ziwe kwenye chaji na kwenye Wi-Fi moja, na ile Android usiishike shike, usitoke kwenye programu, usipokee simu, mpaka mstari ujae. Mambo yakiwa mengi inachukua muda, mie nakushauri fanya usiku baada ya isha watu wametulia. Bando haliliwi sana kwa sababu data inatoka simu kwenda simu, kinachotumia ni kupakua programu na ile bakapu ya Google Drive. Ikimaliza pakua WhatsApp kwenye iPhone, ingia kwa namba ile ile, bonyeza Start. Zitakuja meseji, picha, magrupu na voisi. Orodha ya simu ulizopiga haiji, hiyo ikubali.

Na hata ukiziona voisi za mama kwenye iPhone, ile Android iache kabatini mwezi mzima. Mdogo wako atapata simu nyengine. Flashi pia usiwe na moja, mpe kaka nakala nyengine, naye ni mama yake.

Babu yangu wa Kengeja tumempa iPhone ya dada, lakini hana raha nayo. Anasema adhana inakatika katikati haifiki "hayya alal-falah", na redio imepotea kabisa. Mie nshahangaika na setingi mpaka nimechoka. Ni mbovu?

Mpe babu shikamoo yangu. Simu si mbovu. Apple wameweka kanuni kwamba sauti ya taarifa, yaani ile inolia programu ikiwa imefungwa, isizidi sekunde 30, na adhana kamili inakwenda dakika kadhaa, kwa hiyo watengenezaji wa programu hizi hukata kipande cha mwanzo tu. Android haina kizuizi hicho ndo maana alikuwa akiipata yote. Kwa hiyo usihangaike na setingi, hapo hakuna cha kutengeneza. Kinachosaidia ni kwamba nyingi ya programu za adhana ukiigusa ile taarifa inapotokea inafunguka na kuendelea kusoma mpaka mwisho, mfundishe babu kuigusa tu.

Redio nayo, iPhone haina redio ya FM kama zile simu unazochomeka waya wa sikio unakamata stesheni. Atasikiliza kwa intaneti, na hiyo inakula bando, stesheni inorusha kwa kasi ya kilobiti 64 inakula kama MB 29 kwa saa, sasa mzee anoamka na redio na kulala nayo piga hesabu mwenyewe. Kwa maoni yangu mrudishieni ile simu yake ya zamani iwe ya redio na adhana, na iPhone iwe ya kuonana na wajukuu kwa video. Simu mbili si dhambi, na mtu wa umri wake hana sababu ya kunyang'anywa kitu alichokizoea kwa sababu sie tumeona kingine ni kizuri zaidi.

Kitu kimoja atakipenda. Kwenye setingi za Calendar kuna Alternate Calendars, mchagulie Islamic, ataona tarehe za Kiislamu chini ya zile za kawaida. Mwambie tu kwamba ni za hesabu, zinaweza kupishana siku moja na mwezi unavyoandama kwetu.

Yakhe, mjomba wangu yuko Maskati anataka kunletea iPhone mpya. Mie n'na laini mbili, moja ya M-Pesa moja ya kupigia, na siwezi kuacha hata moja kwa sababu ya biashara yangu ya Darajani. Itakubali zote?

Mpigie mjomba leo kabla hajalipa. Kuanzia iPhone XS na XR za 2018 simu inachukua laini mbili, lakini moja ni ile ya kadi na ya pili ni eSIM, yaani laini isokuwa na kadi inoingizwa ndani ya simu kwa kuskani kodi. Zile zenye nafasi ya kadi mbili ni za China na Hong Kong. Za Marekani kuanzia iPhone 14 ya 2022 hazina kitundu cha laini kabisa, na sasa iPhone 17 ya 2025 hata za Oman na Emirates ndo hivo hivo, eSIM peke yake. Mtu anaipokea bandarini, anaigeuza huku na huku anatafuta pa kutia kadi, hapaoni.

Kwa hiyo nenda kwanza kwenye maduka ya kampuni zako zote mbili uulize kama wanatoa eSIM na kama laini yako inaweza kugeuzwa, nenda na kitambulisho. Wakikubali wote, iPhone 17 itakufaa. Akikataa mmoja, mwambie mjomba akuletee ya nyuma yenye kitundu. Ukinunua ilotumika hapa hapa mjini, tazama ubavuni kama kuna kitundu kidogo cha kupenyeza sindano, kisha ingia General, About, usome namba ya modeli, ikiishia LL/A ujue ilitengenezwa kwa soko la Marekani. Na iwashe muuzaji akiwa mbele yako, ukiona inadai akaunti ya Apple ya mtu mwengine usitoe hela, hata akikwambia fundi ataifungua.

Kupiga menyu ya M-Pesa ni kama kawaida, *150*00# kwenye sehemu ya kupigia, lakini ukiwa na laini mbili tazama juu ya namba imeandikwa laini gani, gusa hapo ubadilishe kabla ya kupiga. Ukipiga kwa laini isiyo yake inakuletea jibu la makosa, watu wanadhani pesa zimekwama.

Naandika Kiswahili simu inanibadilishia. Nimemwandikia mama "wali nshapika" imekwenda "wall". Inanchosha, nlikuwa natumia Tecno sikuwahi kupata tabu hii.

Pole mwanangu. Settings, General, Keyboard, zima palipoandikwa Auto-Correction, hapo hapo itaacha. Lakini mie nakushauri zaidi upakue Gboard, ile kibodi ya Google, yawezekana ndo uloizoea kule kwenye Tecno bila kujua jina lake, uiongezee Kiswahili, itakupendekezea maneno ya Kiswahili badala ya kuyaharibu. Na ile alama ya kurudi nyuma unoitafuta chini ya skrini, haipo, telezesha kidole kutoka ukingo wa kushoto kwenda katikati. Siku mbili tatu mkono utazoea.

Nimeuza iPhone yangu nimenunua Samsung. Mume wangu yuko Uingereza na iPhone, anasema ananitumia meseji na mie sizioni hata moja, tushagombana. WhatsApp zinaingia lakini za kawaida hapana.

Bibie, mumeo anasema kweli na wewe unasema kweli. iPhone kwa iPhone hazitumiani sms, zinatumiana iMessage kwa intaneti, na namba yako bado imeandikwa huko kwa Apple kama ya mtu wa iPhone, kwa hiyo meseji zake zinapelekwa kwenye iMessage na wewe huko haupo tena. Ulitakiwa uzime iMessage kabla ya kuuza simu. Bado hujachelewa, Apple wana ukurasa wa kujitoa iMessage kwa ambao simu hawanayo tena, unaandika namba yako ya simu na 255 ya Tanzania, inakuja kodi kwa sms kwenye Samsung yako, unairudisha pale, basi. Baada ya hapo mwambie afute mazungumzo yenu ya zamani kwenye meseji zake aanze mapya, na akiona maandishi yake yametoka kijani badala ya buluu ajue hayaendi tena kwa iMessage, na yakienda kwa sms ya kawaida, kule Uingereza kutuma Tanzania anaweza kukatwa hela, kwa hiyo mazungumzo marefu muyaache WhatsApp.