Kabla Hujalipa Karo ya Chekechea, Nenda Saa Nne Asubuhi

Wiki iliyopita mama mmoja wa Kayole, hapa Nairobi, aliniandikia usiku wa manane. Kijana wake anafikisha miaka minne, na amepata shule mbili. Moja iko ng'ambo ya barabara tu kutoka kwa ploti yao: madarasa ya mabati, uwanja wa vumbi. Nyingine iko Donholm, ina basi, sare ya koti na tai, na watoto wanaongea Kiingereza hata wakicheza. "Mume wangu anasema tukimpeleka kwa mabati tutakuwa tumemwibia mtoto," aliandika. Sikupata usingizi. Maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita.

Nilikuwa nimepandishwa cheo kazini na nikaapa kwamba binti yangu hatasoma nilivyosoma mimi, nikipokezana penseli moja na dada yangu. Nikachagua shule ya jina. Walimwita kwa intavyuu, mtoto wa miaka minne! Akaulizwa rangi, akaulizwa namba, akapita, nami nikapiga simu nyumbani kama mtu aliyepata kazi. Karo, ada ya kuandikishwa, sare, usafiri: nilikopa kwa sako na bado nikajiona mshindi.

Basi lilimchukua saa kumi na mbili kasorobo, giza bado, kwa kuwa sisi tulikuwa wa kwanza njiani. Alirudi saa kumi na moja jioni akiwa amelala, na begi lina homuweki ya kurasa tatu. Mwezi wa pili akaanza tena kukojoa kitandani. Kisha akaacha kuimba. Nilipouliza, mwalimu alinijibu mbele ya wazazi wengine: "Mama, mtoto wako ni mzito, mtafutie tuisheni." Sijalisahau neno hilo hadi leo.

Siku moja nilikuwa na ofu, nikapitia shuleni saa nne kumaliza salio la karo. Sikuwa nimepiga simu. Nilichungulia dirishani nikaona watoto zaidi ya thelathini wamelaza vichwa mezani, kimya, mwalimu akipita katikati yao na rula ya mbao. Zile bembea nilizoonyeshwa siku ya kwanza zilikuwa ndani ya ua uliofungwa kwa kufuli. Binti yangu akainua macho, akaniona. Hakucheka. Aligeuka kwanza kumtazama mwalimu.

Nilimtoa muhula ulipoisha. Wifi yangu akasambaza habari kwamba nimefilisika.

Wazazi wenzangu, tunadanganyika kwa sababu hatujui tunachonunua. Chekechea ni miaka miwili, PP1 na PP2, kisha mtoto anaingia Gredi ya Kwanza akiwa na miaka sita. Mtaala ulioanza kutumika 2019 unataka mtoto wa umri huu ajifunze kwa kucheza, kuimba, kushika vitu na kuuliza. Kumchapa mtoto shuleni kumepigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, iwe kwa rula, iwe kwa kiboko. Na tangu Katiba ya 2010 chekechea ni jukumu la kaunti, kwa hivyo usione haya kuulizia darasa la umma karibu nawe.

Mimi nilipata moja, dakika saba kwa miguu. Nilikwenda saa nne, bila kupiga simu. Mwalimu alikuwa ameketi sakafuni na watoto wanahesabu vizibo vya soda, wakibishana kwa Kiswahili. Wiki tatu za kwanza binti yangu hakusema neno. Ya nne, nikifua nguo, nikamsikia anawaimbia wanasesere. Nililia juu ya karai. Leo yuko Gredi ya Pili, chakula cha mchana analipia shilingi 5 kwa kugusisha kibangili cha malipo anachovaa mkononi, kupitia mpango wa Kaunti ya Nairobi ulioanza 2023, na tukiwa kwa matatu anasoma kila bango la barabarani kwa sauti hadi abiria wanageuka. Mzito, walisema!

Basi nendeni saa nne. Siku ya wageni kila shule hupendeza. Ingieni chooni, mkaone kama mtoto mdogo anafika na kama kuna maji. Muulizeni mwalimu amekaa hapo muda gani, maana wakibadilika kila muhula kuna jambo. Pimeni safari kwa macho ya mtoto anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri. Lakini kwanza nendeni saa nne.

Nawe dada wa Kayole, usichukue ile ya mabati kwa sababu ya hadithi yangu. Mabati nayo huficha mengi. Nenda zote mbili Jumanne, bila kupiga simu. Simama dirishani dakika kumi, usikilize ni nani anayeongea, mwalimu peke yake au na watoto pia. Kisha uniandikie.