Maswali ya Wasomaji: Mhafidhina wa Marekani na Mgombea Wake

Barua za siasa za Marekani zimekuwa nyingi kiasi kwamba tumezipa ukurasa mzima. Kwa msomaji mgeni, safu hii ina msimamo wa kihafidhina na haijawahi kuuficha. Tunaamini serikali iwe na mipaka, familia na imani ziheshimiwe, na sheria iwe juu ya kila kiongozi, hata yule tunayempenda. Soma majibu ukijua hivyo.

SWALI: Nina duka la vifaa vya umeme. Miaka yote nilisikia wahafidhina wa Marekani wakisifu biashara huria, leo wanashangilia ushuru kwa bidhaa za nje. Ni watu walewale? — Mfanyabiashara, Kariakoo

JIBU: Chama ni kilekile cha Republican, fikra ndizo zimegawanyika. Ronald Reagan aliposhinda mwaka 1980 alikuwa ameunganisha makundi matatu: watu wa biashara waliotaka kodi ndogo na kanuni chache, waumini, hasa Wakristo wa kiinjili na Wakatoliki wengi, waliopinga utoaji mimba, na waliotaka jeshi imara mbele ya Wasovieti. Muungano huo ulimpa majimbo 49 kati ya 50 mwaka 1984. Mwaka 2016 Donald Trump akalileta mbele kundi la nne: wafanyakazi wa sehemu ambazo viwanda vilifungwa, kama Ohio, Michigan na Pennsylvania. Hao wanaamini biashara huria ndiyo iliyowanyang'anya ajira, wanataka mpaka udhibitiwe, na wamechoka na vita vya mbali. Kwa hiyo ukisikia "mhafidhina", uliza kwanza ni wa kundi gani. Mtu wa kundi la kwanza na wa kundi la nne wanaweza kumpigia kura mgombea mmoja huku wakipingana kabisa kuhusu ushuru.

Na ushuru wenyewe wewe wa Kariakoo unaujua kuliko wachambuzi wengi. Mzigo wa dola 20,000 ukifika bandari ya Marekani na ushuru ni asilimia 25, dola 5,000 zinalipwa na muagizaji wa huko kabla mzigo haujatoka, kama unavyolipa wewe bandarini kwetu. Kiwanda cha China hakilipi hata senti pale forodhani. Baada ya hapo unaanza mvutano: muuzaji wa nje ashushe bei, muagizaji akubali faida ndogo, au mteja aongezewe, na mteja hakosi fungu lake.

Msimamo wetu ni kwamba ushuru ni kodi, na kifungu cha kwanza cha Katiba ya Marekani kimeipa Kongresi, yaani bunge lao, mamlaka ya kutoza kodi. Tarehe 2 Aprili 2025 Trump alitangaza, kwa amri ya rais, ushuru kwa karibu dunia nzima. Tarehe 9 akausitisha kwa siku 90 kwa nchi nyingi. Hatubishani na nia ya kulinda viwanda. Tunachopinga ni njia. Mfanyabiashara anayeagiza mzigo wa kufika baada ya miezi mitatu anahitaji kujua leo atalipa nini siku hiyo, na sheria iliyojadiliwa bungeni haigeuki kwa wiki moja. Mhafidhina aliyelalamika Barack Obama alipotumia amri za rais hana haki ya kunyamaza rais wa chama chake anapofanya vivyo hivyo.

SWALI: Kijiweni kwetu tulibishana hadi usiku. Hillary Clinton alipata kura nyingi mwaka 2016 akashindwa. Wenzangu wanasema huo ni wizi. Naomba ufafanuzi. — Msomaji, Sinza

JIBU: Si wizi, ndivyo Katiba yao ilivyo. Kwanza tuelewane kuhusu neno "jimbo". Hapa kwetu jimbo ni eneo la mbunge, kama Ubungo au Kigamboni. Jimbo la Marekani ni karibu nchi: lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na sheria zake za uchaguzi.

Kila jimbo lina wajumbe wa uchaguzi, ambao ndio wanaomchagua rais, sawa na idadi ya wawakilishi wake katika Kongresi pamoja na maseneta wake wawili. Jumla ni 435 na 100, ukiongeza 3 wa mji mkuu Washington unapata 538. Mshindi ni atakayefika 270. Majimbo 48 yanampa aliyeongoza wajumbe wote, hata kama ameongoza kwa kura moja. Maine na Nebraska pekee ndiyo yanayogawa. Clinton alimzidi Trump kwa karibu kura milioni 2.9 nchi nzima, lakini ziada yake ilirundikana California, mahali ambapo angeshinda hata bila hiyo. Trump alipata wajumbe 304, yeye 227. Mwaka 2000 hali ilikuwa ya karibu zaidi: George W. Bush alichukua Florida kwa kura 537, na kwa Florida akachukua urais.

Hesabu hii ndiyo inayoamua mgombea aseme nini na aende wapi. Mwaka 2024 Trump alishinda kwa wajumbe 312 dhidi ya 226 wa Kamala Harris, na safari hiyo aliongoza pia kura za nchi nzima. Lakini angalia majimbo matatu, Pennsylvania wajumbe 19, Michigan 15 na Wisconsin 10. Harris angeyapata hayo matatu tu angefika 270 kamili. Ndiyo maana wagombea wote wawili walipiga kambi huko usiku na mchana, na California yenye wajumbe 54 wakaipita.

Wahafidhina wengi wanautetea utaratibu huu kwa sababu unayalazimisha majimbo makubwa kuyajali madogo. Nasi tunautetea, ila tunakiri gharama yake. Wyoming ina wajumbe 3 na haifiki watu laki sita, kwa hiyo kura ya mtu wa huko ina uzito zaidi ya mara tatu ya kura ya mtu wa California. Mtu anayeona hilo si haki ana hoja ya kusikilizwa.

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasoma sayansi ya siasa. Kamati Kuu ya chama cha Republican hukata majina kwa vigezo gani? — Mwanafunzi, Mlimani

JIBU: Marahaba. Hakuna kamati inayokata majina. Wana kura za maoni kama vyama vyetu, tofauti ni kwamba kwao matokeo ya kura za maoni ndiyo uamuzi wenyewe.

Mgombea hujiandikisha jimbo kwa jimbo, kila mahali na ada, sahihi na tarehe zake. Kwa Warepublican safari huanzia Iowa, kisha New Hampshire, South Carolina na Nevada, halafu inakuja Jumanne kubwa ya mwezi Machi ambapo majimbo mengi hupiga kura siku moja. Mwaka 2024 yalikuwa 15. Kila jimbo hutoa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama. Mwaka huo walikuwa 2,429, na aliyefika 1,215 alikuwa mgombea.

Wademocrat, chama kingine kikubwa, hugawa wajumbe kwa uwiano kwa kila aliyevuka asilimia 15. Warepublican huruhusu majimbo mengi kumpa mshindi fungu lote au karibu lote, na hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2016 walijitokeza wagombea 17. South Carolina ilimpa Trump asilimia 32.5 tu ya kura, akaondoka na wajumbe wote 50. Theluthi mbili hawakumchagua, lakini kura zao ziligawanyika kwa watu watano. Wapinzani wake walingojeana nani ajitoe kwanza, na walipoanza kujitoa alikuwa keshawaacha mbali. Somo hilo lilieleweka: mwaka 2024 Ron DeSantis alijitoa mara tu baada ya Iowa, Nikki Haley akabaki peke yake na Trump. Hata hivyo Haley alishinda mji mkuu Washington na jimbo la Vermont pekee, akaondoka tarehe 6 Machi. Kwa hiyo usimwambie mwalimu wako kwamba kanuni ndizo zilizomleta Trump kila mara. Mwaka 2016 zilimbeba. Mwaka 2024 wapiga kura wa chama walimtaka.

SWALI: Trump anaweza kugombea tena 2028? — Msomaji, Tabata

JIBU: Hapana. Rekebisho la 22 la Katiba, la mwaka 1951, linasema hakuna atakayechaguliwa kuwa rais zaidi ya mara mbili, naye amechaguliwa 2016 na 2024. Kulibadili kunataka theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya Kongresi na kuridhiwa na majimbo 38. Mhafidhina anayesema anaipenda Katiba kama ilivyoandikwa hana la kuongeza hapo.

SWALI: Mimi ni muuguzi, na wagonjwa wetu wengi wanatumia ARV. Kwa nini wahafidhina wa Marekani wanatuchukia? — Muuguzi, Temeke

JIBU: Dada muuguzi, wasiwasi wako una msingi na tunauheshimu. Lakini mpango mkubwa wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, PEPFAR, ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, mhafidhina aliyesukumwa na waumini wa chama chake. Bush huyohuyo alikuja Dar es Salaam Februari 2008, wakati Jakaya Kikwete akiwa rais, na hapo ukasainiwa mkataba wa Changamoto za Milenia wa dola milioni 698 kwa barabara, umeme na maji.

Kundi la nne tulilolitaja juu linaona pesa hizo zibaki nyumbani. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe, na tarehe 1 Julai shirika la USAID likafungwa rasmi, shughuli zilizobaki zikahamia wizara yao ya mambo ya nje. Nchi ina haki ya kukagua pesa zake. Lakini dawa ya ARV haisimamishwi ili ikaguliwe. Mgonjwa akikatiza dozi virusi huongezeka na usugu unaweza kuingia, na hakuna mkaguzi anayerudisha hilo nyuma. Anayejiita mtetezi wa uhai alipaswa kukagua dawa zikiendelea kutolewa. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ni watu wa upande wetu waliofanya.

SWALI: Mmekosoa sana wenzenu. Basi mgombea wa 2028 mtampima kwa lipi? JD Vance, makamu wa Trump, anatajwa, Marco Rubio, waziri wake wa mambo ya nje, anatajwa. — Msomaji, Mbezi

JIBU: Si kwa hotuba. Tutaanza na majaji, kwa kuwa hao hubaki baada ya rais kuondoka. Mahakama ya Juu ina majaji tisa, wa maisha, wanaoteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti. Mei 2016 Trump alifanya jambo ambalo wagombea hawakuwa wakilifanya: alichapisha majina 11 ya watu ambao angewafikiria, baadaye akaiongeza orodha. Wahafidhina wengi waliokuwa na shaka naye walimpa kura kwa ajili ya karatasi ile. Akawateua Neil Gorsuch, Brett Kavanaugh na Amy Coney Barrett, na tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo ikafuta hukumu ya 1973 iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima na kurudisha suala hilo kwa majimbo. Mgombea asiyetoa orodha mapema anaomba aaminiwe bila dhamana.

La pili ni deni. Trump aliingia Januari 2017 deni la serikali likiwa karibu dola trilioni 20, akaondoka likiwa limepita 27. Joe Biden alipoondoka Januari 2025 lilikuwa limepita 36. Vyama vyote viwili vimekopa. Mgombea akiahidi kupunguza kodi, kama ile ya makampuni iliyoshushwa mwaka 2017 kutoka asilimia 35 hadi 21, muulize atapunguza matumizi gani. Akijibu "ubadhirifu" bila kutaja pensheni, matibabu ya wazee na riba ya deni, hajafungua kitabu cha bajeti.

La tatu ni kukubali hesabu, na kwetu hili ni zito kuliko yote. Mwaka 2020 Biden alishinda Georgia kwa kura 11,779 na Arizona kwa 10,457. Zaidi ya kesi 60 zilifunguliwa, na majaji walioteuliwa na Trump mwenyewe walikuwa miongoni mwa waliozitupa. Tarehe 6 Januari 2021, Kongresi ilipokuwa ikihesabu kura za wajumbe wa uchaguzi, makamu wa Trump, Mike Pence, mhafidhina kuliko wengi, alikataa kuyageuza matokeo. Vance amesema hadharani kwamba angelishughulikia jambo hilo tofauti. Kwetu hilo ni doa, na tungependa alifute kabla hatujasikia sera zake nyingine.

SWALI: Nikitaka kufuatilia matokeo, niamke saa ngapi? — Msomaji, Kigamboni

JIBU: Uchaguzi ni Jumanne, 7 Novemba 2028. Saa zao za mashariki zitakuwa nyuma ya zetu kwa saa nane, kwa hiyo lala mapema uamke usiku wa kuamkia Jumatano. Georgia inafunga vituo saa tisa usiku kwa saa zetu, North Carolina saa tisa na nusu. Pennsylvania na sehemu kubwa ya Michigan saa kumi alfajiri. Wisconsin na Arizona saa kumi na moja. Nevada saa kumi na mbili asubuhi.

Marekani haina tume ya taifa ya kutangaza mshindi. Unachokiona kwenye televisheni ni makadirio ya vyombo vya habari. Majimbo huthibitisha matokeo rasmi siku au wiki kadhaa baadaye. Uangalie pia mpangilio wa kuhesabu. Pennsylvania hairuhusu bahasha za kura za posta kufunguliwa kabla ya saa 1 asubuhi ya siku ya uchaguzi. Mwaka 2020 zilikuwa zaidi ya milioni 2.5, na nyingi zilikuwa za Wademocrat kwa sababu Trump aliwaambia wafuasi wake wasiiamini posta. Kura za vituoni zikahesabiwa haraka, Trump akaongoza usiku, za posta zikamshusha taratibu, na vyombo vya habari vikamtaja Biden mshindi Jumamosi. Hakuna kura zilizoingizwa usiku. Zilikuwepo mezani tangu mwanzo.

California inafunga saa moja asubuhi kwetu, lakini hesabu yake huchukua wiki kadhaa, hivyo jumla ya kura za nchi nzima utakayoiona Jumatano hiyo itaendelea kubadilika.